SOMO: Punguza ukubwa wa mamia ya picha kwa amri moja kwenye Linux

Wakuu, habari za leo. Ukirudi na picha 800 za harusi, kuzifungua mojamoja ili uzipunguze ni mateso. Tuiachie bash, programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminal. Kwenye Ubuntu weka kwanza ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri (convert na mogrify ni amri zake):

sudo apt install imagemagick

Hatua ya 1. Ingia kwenye folda ya picha, utengeneze nyingine nje yake ya kupokea matokeo. Picha halisi haziguswi.

cd ~/harusi
mkdir ../ndogo

Hatua ya 2. Jaribu kwa echo:

for f in *.jpg; do echo convert "$f" -resize '1600x1600>' ../ndogo/"$f"; done

Hapo hakuna kinachotendeka, unaonyeshwa tu amri zitakazotumwa. Zisome. Nawasihi msiiruke hatua hii.

Hatua ya 3. Futa neno echo, bonyeza Enter. Wenye toleo la 7 la ImageMagick waandike magick badala ya convert.

Sasa zile alama za nukuu, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Faili likiitwa "Asha na shangazi.jpg", bila nukuu bash inalikata penye kila nafasi, na convert inatafuta mafaili matatu ambayo hayapo. Ile > nayo inasema "punguza zilizozidi tu, ndogo usizikuze". Ukiiacha bila nukuu, bash inadhani unataka kumwaga matokeo kwenye faili, na utakuta mafaili matupu.

MASWALI

– Mkuu, zangu zinaishia na .JPG, hazijaguswa hata moja.
Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Andika *.JPG.

– Zangu zimo kwenye folda ndani ya folda, na prosesa ina viini vinne. Zinaweza kwenda nne kwa mpigo?
Ndiyo:

find . -iname '*.jpg' -print0 | xargs -0 -P 4 -n 20 mogrify -path ../ndogo -resize '1600x1600>'

-P 4 ni kazi nne kwa pamoja, -n 20 ni picha zisizozidi ishirini kwa kila kazi, -path ni folda ya kupokea matokeo, na -print0 ikiandamana na -0 inalinda majina yenye nafasi. Angalia tu: picha mbili zenye jina moja kwenye folda tofauti, moja itaifuta mwenzake.

– Mimi nilishaendesha mogrify bila -path. Picha halisi ziko wapi?
Pole sana ndugu. Bila -path inaandika juu ya faili lilelile, na hairudishi. Kadi ya kamera bado unayo? Usipige nayo picha nyingine, nakili kwanza zilizomo.