Jinsi ya Kuchagua Yuniti ya Kwanza ya Hisabati kwa Mwanafunzi wa Uhasibu

Mimi ni mhasibu hapa Kisumu, na sehemu ya kazi yangu ni kuwasimamia wanafunzi wa mafunzo ya nyanjani wanaotoka vyuo vya Maseno, Kakamega, Bondo na Njoro. Mwanafunzi akikabidhiwa ratiba ya ulipaji wa mkopo au orodha ya mishahara, hujulikana upesi kama alijengewa msingi wa hisabati au alivuka mitihani tu. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo huanzia kwenye yuniti ya kwanza ya hisabati, ambayo wengi huichagua kwa kusikia kwamba ni nyepesi au kwamba mhadhiri wake si mkali. Vipimo ninavyovipendekeza ni viwili: uimara wa aljebra uliyotoka nayo shuleni, na kazi ya uhasibu unayoielekea.

Hatua ya kwanza: fahamu una uhuru kiasi gani

Katika shahada nyingi za biashara nchini, yuniti za mwaka wa kwanza hupangwa na idara, na uhuru wa mwanafunzi hubaki kwenye yuniti za hiari. Anayekwenda kusoma Marekani hukuta uhuru mpana zaidi, kwani huko mara nyingi huwekewa mbele aljebra ya chuo, takwimu na kalkulasi (hisabati ya viwango vya mabadiliko) ya biashara, achague pa kuanzia. Popote ulipo, omba idarani mpangilio kamili wa masomo ya miaka yote, kisha utie alama kwenye yuniti za lazima, za hiari, na zile ambazo haziwezi kusomwa kabla ya nyingine kukamilika. Kundi hilo la mwisho ndilo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu yuniti fulani zikifundishwa mara moja tu kwa mwaka, anayekosa ya awali hulazimika kusubiri mwaka mzima.

Hatua ya pili: jipime bila kutegemea alama ya KCSE

Alama ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, haitoshi kukuongoza. Katika kila karatasi ya hisabati, sehemu ya pili huwa na maswali manane, na mtahiniwa hujibu matano tu. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kupata B nzuri huku akiwa amelikwepa swali la kalkulasi au la upangaji wa mstari (linear programming) tangu kidato cha nne. Keti peke yako na ujaribu maswali haya matatu.

Swali la kwanza: mfanyabiashara wa Kibuye amelipa shilingi 11,600, na bei hiyo inajumuisha VAT ya asilimia 16. Kodi ni kiasi gani? Anayepiga asilimia 16 ya 11,600 hupata 1,856, na hilo ni kosa, kwa kuwa kodi ilitozwa juu ya bei ya awali. Gawanya 11,600 kwa 1.16 upate 10,000. Kodi ni 1,600.

Swali la pili: gari lililonunuliwa kwa shilingi 1,600,000 hupunguzwa thamani kwa asilimia 25 ya salio kila mwaka. Litashuka chini ya nusu ya bei yake lini? Unaweza kuhesabu mwaka baada ya mwaka: 1,200,000, kisha 900,000, kisha 675,000, na jibu ni mwaka wa tatu. Lakini jiulize kama ungeweza kufika hapo kwa logi, kwa sababu mkopo wa miezi 60 hauhesabiki kwa vidole.

Swali la tatu ndilo linalotenganisha watu. Kampuni ina idara ya usafiri yenye gharama ya shilingi 93,000 na idara ya matengenezo yenye gharama ya 50,000. Usafiri hubeba asilimia 10 ya gharama yote ya matengenezo, na matengenezo hubeba asilimia 20 ya gharama yote ya usafiri. Kila moja inategemea nyingine, hivyo huwezi kuanza na yoyote bila kuandika milinganyo miwili: U = 93,000 + 0.1M, na M = 50,000 + 0.2U. Ukiitatua kwa pamoja, usafiri ni 100,000 na matengenezo ni 70,000. Idara zikiwa sita, kazi hiyo hufanywa kwa matriksi, na hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa nini matriksi zimo katika silabasi ya mhasibu.

Ukikwama kwenye la kwanza, anza na yuniti ya msingi wa hisabati ikiwa chuo chako kinayo, wala usione haya. Ukiyamudu mawili ya kwanza ukakwama kwenye la tatu, hisabati ya biashara inakufaa. Aliyeyatatua yote kwa utulivu anaweza kufikiria kalkulasi.

Hatua ya tatu: soma mada za kila wiki

Majina ya yuniti hupotosha. Hisabati ya biashara katika chuo kimoja hufika hadi upambanuzi (differentiation) wa fomyula za gharama na faida, ilhali kwingine huishia kwenye asilimia na riba ambazo ulikwisha kuzisoma katika kidato cha tatu. Tafuta muhtasari wenye mada za kila wiki, na uhakikishe kwamba mna milinganyo, logi, thamani ya sasa ya fedha za baadaye, malipo ya mfululizo, matriksi na angalau mwanzo wa kalkulasi. Pasipokuwa na thamani ya sasa, ningetafuta yuniti nyingine, kwa kuwa tathmini ya miradi na hesabu za mikopo ya muda mrefu husimama juu yake. Shilingi 100,000 utakayolipwa baada ya miaka miwili, kwa riba ya asilimia 12, leo ina thamani ya takribani 79,719, na mhasibu asiyeweza kueleza kwa nini atamshauri mteja vibaya.

Hatua ya nne: linganisha yuniti na kazi unayoitaka

Kwa anayeelekea kwenye kodi, ukaguzi au uhasibu wa kawaida wa kampuni, ushauri wangu ni hisabati ya biashara kwanza, na takwimu mara tu baada yake. Mkaguzi anayekabidhiwa risiti 4,000 za chama cha ushirika cha maziwa hawezi kuzisoma zote. Huchagua sampuli, kisha hutoa hukumu juu ya zilizobaki. Bila takwimu, hukumu hiyo ni ya kubahatisha. Ndiyo maana naiweka takwimu mbele ya kalkulasi kwa wahasibu walio wengi, ingawa wanafunzi huiogopa kalkulasi zaidi na kudhani kwamba ndiyo muhimu zaidi.

Hata hivyo, mtu wa kodi hutumia wazo la kalkulasi kila mwisho wa mwezi. Katika PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara wa kila mwezi, shilingi 24,000 za kwanza za mapato yanayotozwa kodi hutozwa asilimia 10, na 8,333 zinazofuata asilimia 25. Mwenye 30,000 hutozwa 2,400 kwa sehemu ya kwanza na 1,500 kwa 6,000 zilizobaki, jumla 3,900. Ukiondoa nafuu ya 2,400, analipa 1,500. Kodi yake ni asilimia 5 ya mapato yote, lakini shilingi moja ya nyongeza itatozwa asilimia 25. Kuutenganisha wastani na kiwango cha nyongeza ndiko kiini cha kalkulasi ya biashara.

Kalkulasi kamili, ile inayosomwa pamoja na wanafunzi wa hisabati, naipendekeza kwa anayetaka shahada ya uzamili ya fedha au uchumi, au anayefikiria kuhamia sayansi ya bima.

Hatua ya tano: fikiria mtihani wa CPA mapema

Katika silabasi iliyoanza mwaka 2021 ya KASNEB, bodi inayotoa mtihani huo wa taaluma ya uhasibu, karatasi ya uchanganuzi wa kiasi (Quantitative Analysis) imo katika ngazi ya msingi, na hugusa matriksi, kalkulasi, uwezekano, upimaji wa nadharia tete, mfululizo wa wakati na upangaji wa mstari. Yuniti ya chuo inayofunika mada hizo hukupunguzia mzigo hata kama hutaomba kusamehewa karatasi. Kusamehewa hakuji kwenyewe. Huombwa na kulipiwa, kwa hiyo hifadhi matokeo yako na muhtasari wa yuniti.

Hatua ya sita: jisajili na mapema

Tafuta mitihani ya miaka iliyopita kabla ya muhula kuanza, uone maswali yanaulizwaje. Hudhuria wiki mbili za kwanza bila kukosa, na ukiona milinganyo bado inakuelemea, nenda idarani ubadilishe kabla ya muda wa kubadilisha kwisha. Zoezi lolote la riba au uchakavu ulilolifanya kwa mkono lirudie kwenye Excel jioni hiyo hiyo, fomyula ukiiandika mwenyewe badala ya kuinakili kwa mwenzako.