Namna ya Kulipa Kodi ya Matumizi kwa Bidhaa Zilizotumika Zinazonunuliwa Nje ya Marekani

Mkazi wa Marekani anayeagiza kamera, saa au fanicha iliyokwishatumika kutoka nchi ya nje anaweza kudaiwa mara mbili, na watu wengi hulifahamu deni moja tu. La kwanza ni ushuru wa forodha, ambao ni wa serikali kuu na hukusanywa mzigo unapoingia nchini. La pili ni kodi ya matumizi, ambayo ni ya jimbo, na hudaiwa mnunuzi mwenyewe pale ambapo muuzaji hakumtoza kodi ya mauzo. Kulipa deni la kwanza hakufuti la pili. Jambo hili linahitaji kusisitizwa zaidi tangu tarehe 29 Agosti 2025, siku ambayo msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 ulisimamishwa kwa nchi zote, kwa sababu mtu aliyelipa ushuru mlangoni kwake huamini kwa urahisi kwamba amemaliza.

Dhana nyingine inayopotosha ni kwamba kitu kilichotumika kilishalipiwa kodi kilipouzwa kikiwa kipya. Kodi ya mauzo haifuati umri wa kitu. Kwa kawaida hutozwa kila kinapouzwa kwa mlaji, kwa bei ya mauzo hayo, na kodi ya matumizi huja na kiwango kilekile ili anayenunua mbali asilipe pungufu kuliko anayenunua dukani jirani. Hata kitu cha kale chenye umri unaozidi miaka 100, ambacho jedwali la ushuru la Marekani hukipa nafuu chini ya kifungu namba 9706, hakipati nafuu hiyo mbele ya jimbo kwa sababu ya umri wake peke yake.

Anza kwa kuisoma ankara. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair mwaka 2018, majimbo yalipata uwezo wa kuwataka wauzaji wasio na ofisi wala ghala ndani ya jimbo wakusanye kodi ya mauzo, na majukwaa makubwa ya biashara mtandaoni sasa huikusanya kwa niaba ya wauzaji wao. Ikiwa ankara inaonyesha kwamba kodi ya jimbo lako imetozwa kwa kiwango kamili, hudaiwi tena, na usilipe mara mbili kwa hofu. Lakini angalia vizuri ni kodi ya nani. Kodi ya ongezeko la thamani iliyotozwa Ulaya au kwingineko si kodi ya jimbo lako. California, kwa mfano, hukupunguzia kiasi ulicholipa katika jimbo jingine la Marekani, lakini haikupunguzii kodi uliyolipa katika nchi ya kigeni. Kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kulipa kama anaweza kuiondoa kodi hiyo kwa kuwa bidhaa inasafirishwa nje. Kwa vitu vilivyotumika, wafanyabiashara wa Ulaya wanaotozwa kodi kwa faida yao tu hawaionyeshi kwenye ankara, na hapo huenda usione cha kuondolewa.

Kisha jiulize aliyekuuzia ni nani, kwa maana hapa ndipo bidhaa zilizotumika zinapotofautiana hasa na mpya, na ndipo majimbo yanapoachana njia. California husamehe mauzo ya mara mojamoja, yaani mtu binafsi asiye mfanyabiashara anapouza kitu chake, isipokuwa magari, vyombo vya majini na ndege. Washington haitoi msamaha wa namna hiyo kwa mnunuzi: ukinunua meza iliyotumika kutoka kwa mtu binafsi asiyekusanya kodi, kodi ya matumizi unadaiwa wewe. Aina ya bidhaa nayo ina uzito wake. Nguo za kawaida hazitozwi kodi ya mauzo katika Pennsylvania, New Jersey na Minnesota, hivyo anayeagiza mitumba ya kuvaa mwenyewe katika majimbo hayo hadaiwi kodi ya matumizi. Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hazina kodi hii kabisa, na Alaska haina ya jimbo zima ingawa baadhi ya mamlaka za mitaa zina yao.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mkazi wa California anayeishi mahali pasipo na kodi ya nyongeza ya wilaya amenunua kamera iliyotumika kutoka duka la Tokyo. Bei ya yeni, ikibadilishwa kwa kiwango cha siku ya ununuzi, ni dola 600, na gharama ya kusafirisha, iliyoandikwa peke yake kwenye ankara, ni dola 40. Kiwango cha msingi cha California ni asilimia 7.25, hivyo anadaiwa dola 43.50, ile dola 40 haihesabiwi iwapo mzigo ulitumwa moja kwa moja kwake kwa posta au msafirishaji wa umma, yaani kampuni inayobeba mizigo ya mtu yeyote. Kama angeisafiria kamera na kurudi nayo mkononi, asingedaiwa chochote, kwa kuwa California husamehe dola 800 za kwanza za vitu ambavyo mtu amevinunua nje na kuvibeba mwenyewe katika kipindi chochote cha siku 30. Msamaha huo hauvihusu vitu vilivyotumwa.

Katika majimbo mengi yenye kodi ya mapato, kiasi hicho huandikwa kwenye fomu ya kodi ya mapato ya jimbo. California ina jedwali la makadirio linaloweza kutumika kwa vitu vya chini ya dola 1,000 kila kimoja, lakini ninapendelea hesabu halisi kwa mtu aliyenunua vitu vichache na ana risiti zake zote. New York hutaka mstari wa kodi ya matumizi ujazwe hata kama jibu ni sifuri, na sifuri hiyo ni tamko lako rasmi, si nafasi ya kuruka. Texas na Washington hazitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, hivyo zina fomu ya peke yake. Minnesota huwasamehe watu binafsi ambao ununuzi wao wa aina hii hauzidi dola 770 kwa mwaka. Gari, popote lilikotoka, kwa kawaida hulipiwa wakati wa usajili.

Hifadhi pamoja ankara, uthibitisho wa malipo, kiwango cha kubadilishia fedha cha siku ile na karatasi ya forodha. Idara ya kodi ya California hupata kumbukumbu za mizigo kutoka forodha na huwaandikia wanunuzi barua, na anayeipokea akiwa na karatasi hizo anaweza kuonyesha mara moja kwamba alilipa, au kwamba aliyemuuzia hakuwa mfanyabiashara.