SOMO: Diski za shingo zikichakaa, sikiliza vidole kwanza

Wakuu habari, somo nililoahidi hili hapa. Mi ni fundi cherehani, miaka 22 nimeinamia mashine, shingo imenifundisha kwa bakora.

Hatua ya 1, jua kilichomo. Shingo ina pingili 7 na diski 6, maana kati ya pingili ya kwanza na ya pili hamna diski. Kila diski ni kama kamto ka kulalia kenye ute katikati, umri ukienda maji yanapungua kanakuwa bapa, mfupa nao unaota vimiba pembeni na neva (mshipa wa fahamu) inakosa njia. Zinazochakaa sana ni ile ya pingili ya 5 na 6, na ya 6 na 7.

Hatua ya 2, vidole, na hapa ndo wengi wanaruka. Ganzi ikishuka mpaka kidole gumba mara nyingi ni neva ya 6 ya shingo, kidole cha kati ya 7, kidole kidogo ya 8. Mimi nilijichoma sindano gumba likatoa damu na sikusikia kitu, nikajua hapa sio uchovu. Ila neva ikibanwa kwenye kiwiko cha mkono au pale mkono unapoungana na kiganja inaleta ganzi inayofanana, kwa iyo mwache daktari atofautishe.

Hatua ya 3, MRI, ile picha ya sumaku ya ndani ya mwili. Ukishavuka 40 picha mara nyingi itaonyesha uchakavu hata kama huumwi popote, usilie na karatasi. Picha isipolingana na vidole vyako bado hujapata jibu.

Hatua ya 4, tiba. Wengi wanapona bila kisu, wiki kadhaa mpaka miezi. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, sio karanga jamani, inachuna tumbo na figo na kupandisha presha. Fiziotherapia (mazoezi ya tiba) ndo yenyewe, mi nilianza na kurudisha kidevu nyuma mpaka kinatokea kidevu cha pili (mke wangu alicheka sana), nikainua meza ya mashine kwa vipande vya mbao. Kola ya kushikilia shingo vaa siku chache tu. Na yule kinyozi anayekuvunja shingo "ka!" baada ya kunyoa, mkatalie, mshipa wa damu unaweza kuchanika.

MASWALI

Mkuu operesheni wanapitia wapi?
— Mara nyingi mbele ya koo, wanatoa diski, wanaunganisha pingili au wanaweka diski ya bandia. Kumeza kwa shida siku za mwanzo ni kawaida.

Mama yangu haumwi shingo ila vifungo vya gauni vinamshinda na anayumba kama kalewa, tumsubirie hiyo fiziotherapia?
— Hapana dada yangu, hapo huenda uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, ndo unabanwa, kutoumwa kusikudanganye. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, na mkojo ukianza kumtoka bila kujua mpeleke usiku huo huo.

Kubeba ndoo kichwani je?
— Mkononi ndugu, nusu nusu.