SOMO: Kindle (kile kifaa cha kusomea vitabu) inaakisi taa kama kioo cha kinyozi? Soma hapa kabla ya kuja inboksi

Wakuu, wiki hii nimeulizwa hili mara tano au sita, naandika mara moja basi. Wino wa e-ink, yaani ule unaochora maandishi kwenye Kindle, wenyewe haung'ai, kinachong'aa ni tabaka lililo juu yake. Kindle aina ya Paperwhite za kabla ya 2018 kioo kimezama ndani ya fremu, kuanzia ile ya 2018 kiko sawa na fremu, na hizo ndo ninazoletewa malalamiko.

1. Futa kioo kwa kitambaa cha miwani. Mafuta ya vidole ni nusu ya tatizo.

2. Taa iwe nyuma ya bega, sio mbele yako.

3. Zima dak modi, ile ya maandishi meupe. Ukurasa mweusi unajiona mpaka pua.

4. Juani shusha mwanga wa Kindle mpaka 0, hausaidii kitu unakula chaji tu. Usiku zima taa ya sebuleni usome kwa mwanga wake.

5. Protekta ya mati, yaani plastiki isiyong'aa ya kubandika juu ya kioo. Hapa ndo nilipoharibu. Nilibandika sebuleni pangaboi linazunguka, kijinywele kikanasa katikati ya ukurasa, nikabandua nikarudishia, likabaki povu kama punje ya choroko, nikachukua kadi ya benki nikalikandamiza kwa hasira mpaka nikasikia "tk". Juu hakuna ufa, ukipapasa ni laini kabisa, lakini kuwasha tu robo ya kioo imeganda mistari na haitoki mpaka leo, maana chini ya ile plastiki kuna glasi nyembamba iliyobeba wino na hiyo ndo iliyopasuka. Kwa hiyo ZIMA FENI. Bandikia bafuni ukishaoga maji ya moto, mvuke unatuliza vumbi. Vumbi likiingia inua kona, litoe kwa selotepu. Povu lisukume taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, kadi uizungushie kitambaa, likigoma ACHA, vipovu vidogo huwa vinaisha vyenyewe ndani ya siku chache. Na usiweke ya glasi ya kawaida, ile inang'aa zaidi.

Maandishi yatapoteza makali kidogo. Mimi nimezoea.

kipepeo_tz: Mkuu nikiweka protekta ya glasi je?

Hatua ya 5, mwishoni.

bokoboko: Mimi nilipaka dawa ya meno kama ya kutoa mikwaruzo, sasa kina madoa na bado kinang'aa. Somo lako halifanyi kazi.

Dawa ya meno umeiona hatua ya ngapi?

dada_maktaba: Kaka samahani, hivi mati inapunguzaje wakati mwanga ni uleule?

Swali zuri dada. Mwanga haupungui. Kioo laini kinaurudisha wote upande mmoja ndo maana unaiona taa na umbo lake, mati ina vishimo vidogo sana vinavyoutawanya, taa inageuka ukungu tu. Maandishi nayo yanapita humohumo, ndo yanapungua makali. Chukua ile karatasi ya kunakilia ramani shuleni, ilaze juu ya gazeti, unasoma vizuri. Sasa inyanyue kidogo tu, hata sentimita moja, herufi zinapotea. Ndo maana protekta lazima iguse kioo chote, zile zenye gundi pembeni tu usichukue.

dada_maktaba: Nimejaribu na ya mwanangu, kweli kabisa! Ila huku kwetu ya Kindle sijaiona, zipo za simu na tableti tu.

Chukua ya tableti ya inchi 8 ukate. Pima kwanza kwa karatasi, kata kabla hujatoa nailoni ya nyuma, na upunguze milimita moja kila upande la sivyo kava itakuwa inainyanyua kila ukifunga.

bokoboko: Na madoa yangu je?

Kitambaa na maji kidogo, kikamue kwanza. Usipulizie maji kwenye kioo. Na mswaki weka mbali.