Kurusha na kupakua nyimbo bila kuunguza bando

Watu wawili stendi ya Masasi wakisubiri basi la Mtwara hawana sababu ya kupakua wimbo uleule mara mbili. Mmoja akiwa nao, mwingine anarushiwa. Shida inaanza pale programu inapozunguka "inatafuta, inatafuta" na simu ya mwenzako haionekani.

Programu nyingi za kurushia, kama Xender na Quick Share, hazipitishi wimbo kwenye mtandao wa simu. Simu moja inafungua Wi-Fi yake, nyingine inaingia humo. Kwa hiyo hitilafu nyingi ziko hapo. Zima hotspoti uliyowasha kwa mkono, zima VPN kwenye simu zote mbili, halafu washa Wi-Fi, bluetooth na lokesheni. Lokesheni huwashangaza wengi, lakini Android ya 6 hadi ya 12 haimruhusu mtu kutafuta Wi-Fi za jirani bila hiyo. Kuanzia ya 13 kuna ruhusa ya pekee ya vifaa vilivyo karibu. Kama uliikataa siku ya kwanza, huenda isiulizwe tena: ingia mipangilio, programu, ruhusa, uikubali. Kwenye Quick Share anayepokea ajiweke aonekane kwa kila mtu, maana akiwa amejificha utatafuta mpaka basi liondoke.

Anayerusha azime data. Programu ikifungua hotspoti ya kawaida, simu ya mwenzio inaweza kuanza kusasisha vitu vyake kwa bando lako, na utajua salio likishaisha.

Ikikatika katikati, angalia nafasi kwanza, kisha kiokoa betri, ambacho huua programu kioo kikizimika. Video ya miksi inayozidi GB 4 haiingii kabisa kwenye kadi iliyofomatiwa kwa FAT32 (namna ya kupanga faili) hata kama ina nafasi tele; ikate vipande. Yote yakishindikana, bluetooth tupu inafanya kazi, ila hesabu kama nusu dakika kwa wimbo wa MB 5.

Torenti, yaani kupakua faili vipande vipande kutoka kwa watu wengine walio nalo, ni habari nyingine. Unapopakua, simu yako pia inawapelekea wengine vipande hivyo, kwa hiyo faili la MB 400 linaweza kula MB 800. Weka kikomo cha kupakia kwenye mipangilio na usimamishe faili likikamilika. Torenti yenyewe si kosa kisheria; kosa ni kusambaza kazi ya mtu bila idhini, na Tanzania jambo hilo liko chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, inayosimamiwa na COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Anayeingizia watu nyimbo kwenye memori kadi kibandani, iwe Newala au Nachingwea, naye hajaachwa nje.

Sasa nyimbo za bure zinapatikana wapi kihalali? Kwa bongofleva, anza na Mdundo: unapata MP3 yenyewe, mwanzoni ina tangazo fupi, na matangazo ndiyo yanayomlipa msanii. Kwa sababu hiyo ni vizuri rafiki yako apakue mwenyewe. Boomplay na Audiomack ni nzuri kusikilizia, ila wimbo uliopakua humo unabaki ndani ya programu, hautoki kwenda kwenye flashi.

Ukitaka nyimbo unazoweza kumrushia yeyote, tafuta zenye leseni ya Creative Commons, ambayo msanii mwenyewe anaruhusu kazi yake isambazwe kwa masharti, kwenye Free Music Archive, Jamendo au Internet Archive. Soma herufi za leseni: BY, mtaje msanii, NC, usifanyie biashara (kibanda hakiruhusiwi kuuza), ND, usiurekebishe. Bandcamp nako wasanii wengine huacha bei wazi. Andika 0 uendelee.

Kwenye Internet Archive kuna mtego. Kila albamu ina namna kadhaa za faili, na anayebonyeza ya kwanza huenda akachukua FLAC, faili la sauti lenye ubora kamili, linaloweza kufika MB 30 kwa wimbo mmoja. Chagua VBR MP3. Kipimo cha haraka: MP3 ya 128 kbps ni karibu MB 1 kwa dakika, ya 320 ni karibu MB 2.4. Kwa spika ya simu au redio ya bodaboda, 128 inatosha, hata kama mafundi wa sauti watanuna. "Wimbo" wa KB 300 si wimbo. Wenye mwisho wa .apk au .exe ni programu, tena pengine kirusi. Ufute bila kuufungua.

Flashi ikikataa kwenye sabufa, mara nyingi flashi imefomatiwa kwa exFAT au nyimbo ni faili za M4A, ambazo sabufa haisomi. Hamisha vilivyomo, ifomati iwe FAT32, geuza nyimbo ziwe MP3, uzirudishe. Majina yafupishe pia.