Msiba wa rafiki wa familia: namna ya kuhudhuria na kuwa msaada wa kweli

Anapofariki mtu aliyekuwa kama baba mdogo au shangazi nyumbani kwenu, lakini hamna damu moja, unaingia msibani ukiwa katikati. Si ndugu wa kukaa kwenye kikao cha ukoo, wala si mpita njia wa kutoa pole na kuaga. Nafasi hiyo ina kazi zake, na familia huzihitaji kuliko inavyoweza kusema. Maelezo haya ni ya misiba ya Dar es Salaam, ambako mtaa uleule unaweza kuzika leo kwa dua na kesho kwa misa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Usimpigie mjane wala watoto. Simu zao zinaita mfululizo. Mtafute shemeji, mpwa au katibu wa kamati ya mazishi, umuulize msiba umewekwa wapi (mara nyingine si kwa marehemu bali kwa kaka yake mkubwa), mazishi ni lini, na usafiri umepangwaje. Usiweke picha yenye mshumaa kwenye WhatsApp kabla familia haijatangaza. Huenda kuna mtoto bwenini au nje ya nchi ambaye bado hajaambiwa.

Muda ndio unaowaponza wengi. Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo baada ya Adhuhuri au Alasiri. Aliyefariki alfajiri anaweza kuwa ameshazikwa saa 10 jioni, na ukingoja kutoka kazini utakuta watu wamesharudi kutoka makaburini. Kwa Wakristo kwa kawaida hupita siku kadhaa, hasa mwili ukisafirishwa, tuseme kwenda Moshi au Bukoba: kuaga hufanyika Dar, mazishi kwao. Kama unataka kusafiri, jiandikishe mapema kwa anayeratibu Coaster. Viti huhesabiwa, na ndugu ndio wa kwanza.

Mwanamke avae gauni refu na khanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Viatu viwe vya kuvua upesi, maana vitabaki mlangoni na utakaa mkekani kwa saa nyingi. Mwanamume shati la heshima na suruali linatosha. Nyeusi si lazima. Epuka rangi za kung'aa na manukato makali.

Kutoa pole

Wanaume kwa kawaida hukaa nje chini ya turubai, wanawake ndani. Ukiingia, nenda kwa mfiwa mkuu kwanza, keti chini mbele yake, mshike mikono, sema "Pole sana, mama," basi. Akilia, baki naye. Usimwambie asilie, wala usiulize marehemu aliumwa nini na kwa nini hakuwahishwa hospitali. Kila mgeni akiuliza hivyo, mjane anarudia kusimulia usiku uleule tangu asubuhi hadi jioni. Ukihitaji kujua, muulize ndugu aliyekaa pembeni. Mtaje marehemu kama mlivyozoea kumwita, Baba Neema au Mjomba, na mbele ya wafiwa sema "mwili", usiseme "maiti".

Ukiona mtu amevaa koti la marehemu, anaigiza mwendo wake na kudai fedha ili jeneza lipite, huyo ni mtani, mtu wa kabila lenye utani na la marehemu, kama Mhehe kwenye msiba wa Mngoni. Usimkaripie. Mpe chochote kidogo, msiba uendelee. Vicheko vile vimewashusha pumzi wafiwa wengi waliokuwa wameshikwa na ganzi.

Rambirambi na jikoni

Fedha ziende kwa mwenye daftari, usizibane mkononi mwa mjane. Bahasha aliyopewa mtu anayelia hupotea chini ya mto, au huzua ugomvi wa nani alipokea. Hakikisha jina lako na kiasi vimeandikwa. Ukituma kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, kisha mjulishe mweka hazina.

Kwa rafiki wa karibu, msaada mkubwa uko jikoni. Kilo 1 ya mchele hulisha watu 8 hivi, kwa hiyo watu 200 wanataka kilo 25 kwa mlo mmoja. Maharage yalowekwe usiku, la sivyo mkaa utaisha kabla hayajaiva. Vinavyokatika mapema ni sukari, majani ya chai, mkaa na maji ya kunywa. Mpigie anayesimamia jikoni umuulize kipi kimepungua, kisha upeleke hicho kwa wingi, badala ya kununua kidogokidogo vitu ambavyo tayari vipo. Usiku watu hupungua lakini waombolezaji wanalala palepale, na chai ya alfajiri haina mpishi. Jitolee zamu hiyo.

Siku ya mazishi

Kwa Waislamu, kuosha na kukafini (kuvika sanda) ni kazi ya watu wachache wa jinsia moja na marehemu, au mwenzi wake wa ndoa; usisogee bila kuitwa. Kama utasali, chukua udhu mapema kwa sababu foleni ya bomba huwa ndefu. Sala ya jeneza husaliwa kwa kusimama, takbira 4 (kutamka "Allahu Akbar"), haina rukuu wala sijida, yaani hakuna kuinama wala kusujudu. Asiye Mwislamu husimama nyuma kimya. Jeneza hubebwa kwa kupokezana: ingia mbele, beba hatua chache, mpishe anayefuata, usiling'ang'anie. Kaburini ni desturi kila mtu kutupia konzi 3 za udongo. Wanawake kwa kawaida hubaki nyumbani, na mashada ya maua hayahitajiki.

Kwa Wakristo, ratiba huwa ndefu: ibada, wasifu wa marehemu, salamu, kuaga. Ukiombwa kusema neno la marafiki, liandike lisizidi dakika 3, na uhakiki majina ya watoto wote na familia. Jina moja lililorukwa huumiza kwa miaka. Kwenye kuaga, foleni inatembea: inamisha kichwa, pita. Kama huwezi kumwona akiwa amelala vile, kaa kando, hakuna atakayekulaumu. Simu ibaki mfukoni. Uso wa marehemu haupigwi picha bila ruhusa ya familia. Mtu akizimia, mpeni hewa, mlazeni, mlegezeeni nguo, na asimwagiwe maji mdomoni kabla hajapata fahamu. Makaburini mshereheshaji huita kwa mpangilio, mjane na watoto kwanza, marafiki baadaye, kwa hiyo kundi lenu liwe na shada moja na mtu mmoja wa kuliweka.

Baada ya matanga

Maturubai yakishafunguliwa watu hupotea. Andika kwenye kalenda wiki ya pili, arobaini, na mwezi wa tatu, maana hapo ndipo ada za shule na kodi hubisha hodi. Kama marehemu alikuwa na deni lako, usilitaje msibani labda itangazwe wanaomdai wajitokeze. Lipeleke kwa msimamizi wa mirathi ukiwa na ushahidi. Mjane wa Kiislamu hukaa eda, kipindi cha kungoja baada ya kufiwa na mume, miezi 4 na siku 10, na mwanamume asiye maharimu wake (ndugu wa karibu asiyeweza kumwoa) akitaka kumjulia hali aende na mkewe au dada yake. Katika kipindi hicho jitolee kumsindikiza mtoto mkubwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kufuatilia cheti cha kifo, kisha mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi, akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Toeni nakala za cheti mapema, kwa sababu benki, mwajiri na mfuko wa pensheni kila mmoja ataitaka ya kwake.