Nyuzi za migomba: peleka mashine shambani, usibebe maji mpaka Kampala

Watu wengi wakitaka kufungua kakampuni ka kutoa nyuzi kwenye migomba swali la kwanza ni mashine shilingi ngapi. Mi ningeuliza kwanza shamba liko wapi na maji ya kuoshea yako wapi. Shina la mgomba zaidi ya asilimia 90 ni maji tu, ukikata tani 1 ya mashina unapata nyuzi kavu kama kilo 10 hivi na mara nyingi hata hazifiki. Sasa mtu anakodi lori Isingiro au Bushenyi kule magharibi, anajaza mashina, analeta Kampala, yaani analipa dizeli kusafirisha maji afu akifika anaanza tena kuhangaika pa kumwaga makapi. Achana na hiyo. Tafuta mashine ndogo ya dizeli ya kukwangua mashina, inayopanda pikapu, iweke karibu na migomba, mjini lete nyuzi kavu tu.

Usidhani mashina ni ya bure. Ni kweli mgomba unazaa mara moja, mkungu ukishakatwa shina limemaliza kazi, lakini mzee mwenye shamba atakwambia hayo mashina ndo mbolea yake na ndo anatandaza chini ya matoke yashike unyevu, na yuko sawa kabisa, mle ndani kuna potasiamu nyingi. Kwa hiyo mkubaliane mapema: wewe unaondoka na nyuzi, makapi yote yanabaki kwake, na juu yake unamlipa kitu kwa kila shina. Mwambie pia kwamba mashina yakilala mazima chini fukusi wanazaliana humo, wewe ukiyapasua umempunguzia hiyo shida.

Hapa kwenye panga kuwa makini sana. Mnyauko wa bakteria, ugonjwa wa migomba, ulionekana Uganda mara ya kwanza 2001 na unahama na vifaa kutoka mgomba hadi mgomba. Ukiona majani yananyauka na kuwa njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, au umekata shina likatoa uteute wa njano, hilo shamba toka, usibebe hata ganda moja. Hata pasipo na dalili panga lipitishe kwenye moto au lichovye kwenye maji ya Jik kabla ya kuingia shamba lingine, na mwenye shamba akuone ukifanya hivyo. Ukishasemwa kwamba wewe ndo umeleta ugonjwa kijijini, kijiji chote kimefungwa kwako.

Haya sasa kazi yenyewe. Kata shina siku hiyohiyo ya kulikwangua au kesho yake, likikaa linaanza kuoza na nyuzi zinageuka kahawia. Lipasue kwa urefu, bandua maganda moja moja, na uyatenge tangu hapo: ya nje yanatoa nyuzi ngumu za mikeka na kamba, yanayofuata ndani yanatoa laini za kusuka na kufuma, yale ya katikati kabisa ni dhaifu, waachie mbuzi au mbolea. Ganda unaingiza nusu kwenye mashine, unalivuta, unaligeuza, unaingiza nusu iliyobaki. Mikono mirefu ya shati hapana, kitenge kinachoning'inia hapana, ile mashine haijui mkono na ganda. Na vaa nguo za zamani, utomvu ukikauka kwenye nguo hautoki.

Osha nyuzi palepale mpaka maji yatoke safi, utomvu ukibaki zinanata na kubadilika rangi. Afu anika kwenye kamba, kivulini penye upepo. Wengi wanaanika chini juu ya turubai, mi siipendi kabisa, zinashika vumbi na upande wa chini unabaki mbichi. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, bila banda la kukaushia lenye paa na pembeni wazi hamna biashara, kwa hiyo kama hela ni kidogo jenga banda kwanza, mashine ukodi. Zikikauka chana, funga mafungu kwa daraja, weka juu ya mbao mbali na sakafu maana ukungu ukiingia fungu lote limeenda.

Mashine ikivunjika mafundi wa Katwe, Kampala, wanachonga visu vipya, we wapelekee kile cha zamani wakipime. UIRI, ile taasisi ya utafiti wa viwanda pale Nakawa, nao wanalea viwanda vidogo, nenda kaulize.

Kuhusu makaratasi sina mengi: jina sajili URSB (ofisi ya usajili wa biashara), chukua TIN, yaani namba ya mlipa kodi, ya URA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara iko manispaa. UNBS, watu wa viwango vya ubora, utawaendea ukianza kuuza bidhaa iliyokamilika.

Kastoma mtafute kabla hujakata shina hata moja. Wasukaji wa mazulia, vikapu na mikoba, watu wa nywele za kusuka, watengeneza karatasi, kila mmoja anataka daraja lake, mpelekee sampo akwambie urefu na rangi anayotaka. Bei ya kilo usiikopi kwa mwenzako: jumlisha dizeli, vibarua, malipo ya mashina, boda za kufuata maji, na zile siku za mvua ambazo vibarua wamekaa tu na bado wanakula, afu gawa kwa kilo kavu zilizotoka, sio zile mbichi ulizopima asubuhi.